Aliyekuja Kuuchukua Udongo Wako

Pelagia mdogo wangu,

Salamu za kuulizana afya tuziache. Mimi mwili wangu mzima, wewe uko mikononi mwa Mungu, na hilo tulishalikubali mbele ya padre na watu wote. Ninachokuandikia ni kingine. Yule rafiki yako amekuja. Konsolata. Alisimama mlangoni pangu hapa Nyakato na mkoba mgongoni na gunia tupu mkononi, akavua viatu kabla sijamkaribisha, akasema, "Shikamoo dada."

Hilo "dada" alivyolivuta, Pelagia, lilikuwa lako. Kabisa. Lile la kulegeza mwishoni, la mtu anayetaka kitu. Nikaitikia marahaba, nikampa maji ya kunawa, nikampa kiti. Moyoni nikawa nauliza: huyu amejifunza wapi kuniita hivyo kama si kwako, na lini, na mimi nilikuwa wapi?

Anataka udongo.

Unajua ni udongo gani. Ule uliouleta safari ya mwisho kutoka shamba la miti kule Sengerema, ukautandaza juu ya magazeti chumbani kwako, sakafu nzima, ukanionya usiguswe na jua hata kidogo, ukauke wenyewe kivulini polepole. Wewe mwenyewe ukahamia kwenye jamvi sebuleni. "Dada, usinicheke, chumba nimewaachia wageni wa heshima." Nikakuambia sijawahi kuona msomi anayeuachia udongo kitanda. Ukacheka mpaka ukashika mbavu. Kesho yake ukavuka tena kwenda msituni, ukasema siku chache tu, na uliporudi ulirudi kwenye jeneza.

Wakati wa msiba kina mama walitaka kufagia kile chumba ili wapate pa kulala. Nilisimama mlangoni nimepanua mikono kama askari. Matanga yalipoisha, shangazi yetu wa Bujora akagawa vitu vyako kama desturi ilivyo. Kitenge cha zambarau alichukua yeye mwenyewe, wala hakuona haya. Redio ilikwenda kwa kaka. Viatu vya kanisani vilimtosha Wifi Milembe, ingawa kwa kusukuma. Kila kitu kilipata mwenyewe. Udongo shangazi aliuchungulia tu, akauliza, "Na huu mchanga ni wa nini?" Nikasema uacheni. Hakuna aliyeugombea. Watu walipokwisha kutawanyika nikauzoa mwenyewe, nikauweka kwenye ile mifuko yako ya kaki kama ulivyokuwa umeipanga kando ya kila gazeti, yenye mwandiko wako: Ndani, Nje, Kichuguu. Nikafunga mlango na ufunguo nikautundika shingoni pamoja na rozari.

Sasa huyu anakuja na gunia.

Nilimwambia hapana. Nilimwambia kwa adabu, chakula kikiwa mezani, lakini nilimwambia. "Mwanangu, udongo huu hauondoki." Akaweka kijiko chini. Akaeleza kwamba profesa wenu wa Morogoro amekubali aimalizie kazi yako pamoja na ya kwake, kwa sababu mlikuwa mnafanya msitu mmoja, na kwamba huu ndio udongo wa mwisho, ule mwingine wote ulishapelekwa na kupimwa, usipopimwa huu kazi yote inabaki kama shati lisilo na mkono.

Nikamwuliza, "Jina la nani litakuwa juu?"

Akainamisha macho. "Langu, dada. Chuo hakimtunuku marehemu. La Pelagia litakuwa ndani."

"Ndani wapi?"

"Kwenye shukrani mwanzoni. Na kila ninapoeleza mashimo aliyoyachimba yeye."

"Hizo shukrani, mnamshukuru na dereva?"

Konsolata ni mkweli, hilo nampa. Alisema, "Ndiyo dada. Na dereva."

Nikaondoa sahani. Samaki alikuwa bado ana nyama upande mmoja.

Usinione mbaya. Nikueleze jambo ambalo sijamwambia mtu. Mama alipotuacha, mimi ndiye niliyekuosha. Nilikuosha kwenye karai la bati nyuma ya nyumba, sabuni ikikuingia machoni unapiga kelele mpaka majirani wanauliza kuna nini. Nilijua kila kovu lako, na lile la gotini ulilolipata siku ulipomfukuza kenge ukidhani ni mwanambuzi. Niliacha shule ili wewe usome, wala sikujuta, nilikuwa natembea Nyakato nzima nimeinua shingo kama twiga kwa ajili ya mitihani yako. Sasa siku ile. Nilikuwa getini kwa kiwanda cha samaki na ndoo yangu ya uji, kwa sababu unajua tangu kiwanda cha nguo kitupunguze ndiyo kazi yangu. Dereva wa gari la barafu akaniambia, mgonjwa wenu yuko hospitali ng'ambo, malaria imempanda kichwani. Niliacha ndoo palepale. Nilipofika gatini kivuko kilikuwa upande wa pili. Nilikiona, kidogo kama kiberiti, kimetulia tu, na mimi huku nahesabu rozari na kuanza upya na kuanza upya.

Nilipokufikia ulikuwa umeshaoshwa.

Umevalishwa gauni la bluu ambalo sikuwahi kuliona. La kwake. Konsolata amekaa chini kando ya kitanda, mikono yake inanuka sabuni. Watu wakanivuta pembeni wakasema mshukuru huyu binti, hakukuacha hata dakika moja. Nikamshukuru. Mdomo wangu ulimshukuru. Lakini tangu siku ile, Pelagia, nikimwona mwanamke anamwogesha mtoto barabarani, navuka upande wa pili. Nilikuosha mwanzo, na mwisho akakuosha mwingine. Huo ndio wivu wangu, na ndio uliompokea yule binti mlangoni kabla mimi sijampokea.

Nilikwenda kuungama. Nikasema, Padre, nina wivu. Akauliza, ni wa jirani? Nikasema, hapana, wa marehemu. Akanyamaza muda, nikadhani amesinzia. Kisha akauliza, "Marehemu ni mume wako?" Nikasema ni mdogo wangu wa kike, na nimwoneaye wivu ni rafiki yake. Padre akakohoa. Akanipa malipizi ya kumsalia Konsolata fungu zima la rozari, kwa upendo. Nikasali. Nilisali nimeuma meno, kwa sura ambayo jirani yangu wa jumuiya alinigusa bega akaniuliza kama ni jino.

Basi Konsolata akabaki. Hakung'ang'ania, hakulia, hakunitumia watu. Alisema tu, "Kama hauondoki, naomba niuchekeche. Pelagia hakuwahi kumaliza kuuchekecha." Nikaona nikikataa na hilo nitakuwa sina utu. Nikampa ufunguo. Asubuhi ananisaidia kukoroga uji na kubeba ndoo hadi getini, akirudi anatandika mkeka uani, anaponda mabonge kwa mchi mdogo, anachekecha, anatoa mizizi na majani ya misonobari, anarudisha kila udongo kwenye mfuko wake. Anafanya kama wewe. Anaulamba mdomo wa juu kwa ulimi kama wewe. Nilitamani nimwambie aache, huo ulimi si wako.

Siku moja nikasikia anacheka peke yake. Nikatoka. Ameshika mfuko wa Kichuguu, umebaki nusu. Akauliza, "Dada, huu nani kaupunguza?" Nikasema hakuna aliyeugusa, chumba kilifungwa. Ndipo nikakumbuka usiku wa matanga, kabla sijauzoa, Wifi Milembe na mimba yake ya miezi mingi akisema anaomba ajinyooshe kidogo chumbani kwako, mgongo unamwuma. Nilimruhusu kwa kuwa ni mjamzito. Nikamwita palepale, nyumba yake si mbali. Akaja na mtoto mgongoni. Nikamwuliza, akatazama chini, akasema, "Wifi, ulikuwa unanukia kama mvua ya kwanza. Nilionja kidogo tu." Nusu mfuko, Pelagia! Amekula utafiti wako!

Mimi nilitaka kumgombeza. Konsolata akajishika tumbo, machozi yanamtoka kwa kucheka, akasema, "Pelagia angeandika: sampuli hii imeliwa na mnyama mkubwa wa nje, alama za miguu hazikutambulika."

Nikacheka. Sikutaka, lakini nikacheka, na Milembe akacheka, na mtoto mgongoni akashtuka akaanza kulia. Kwa sababu ndivyo ungesema. Neno kwa neno. Nilikuwa natafuta kichwani wewe ungesema nini, mimi dada yako wa tumbo moja, sikupata, na yeye alikuwa amekwisha kusema. Nikaingia ndani nikakaa kitandani. Kicheko kilikuwa bado usoni na wivu umekwisha kurudi.

(Mfuko ule, anasema, hauharibu kitu. Uliobaki unatosha kupimwa. Milembe amepewa msamaha.)

Wiki iliyofuata bwana miti wa Sengerema akatuma salamu kwamba kambi yenu inafungwa, twende tukachukue godoro lako na mabuti kabla hayajapata miguu. Nikaenda na Konsolata. Sikuwa nimevuka ile ghuba tangu nikuvushe wewe. Kivuko kilijaa malori ya barafu. Siku hizi sangara anapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunagombania mapanki, mifupa yake iliyobaki kiwandani. Konsolata anaogopa maji, mtu wa Njombe, kwao ziwa wanaliona kwenye ramani. Kivuko kilipoanza kutikisika akaushika mkono wangu. Nikautazama ule mkono. Ndio uliokuosha. Nikauacha ulipo.

Tulipofika kambini mwanamke mmoja akatoka jikoni anakimbia, khanga inaburuzika. "Doto! Doto karudi!" Ni mpishi wenu, Mama Nyanzala. Nikafikiri amemfananisha. Kumbe kambi nzima inamwita hivyo. Wewe Kulwa, yeye Doto. Mapacha. Mimi niliyekuwa nawe tangu unazaliwa, nafika mahali naambiwa una pacha. Nilisimama pale na kikapu changu kama mgeni wa harusi aliyekosea nyumba.

Mama Nyanzala akanigeukia. "Na wewe ndiye dada mkubwa wa Nyakato? Kulwa alikuwa anakutaja kila siku."

Nikaweka kikapu chini. Nikauliza alinitaja vipi.

"Alisema uji wako mwepesi."

Basi hicho ndicho nilichovukia ziwa kukisikia. Nilitaka kukasirika na nilitaka kumkumbatia. Kwa muda mfupi nilikuwa dada yako tena, na neno langu mwenyewe, hata kama ni la kunisengenya.

Tukapanda mlimani kwenye vizimba vyenu. Nilijua umejenga vizimba, sikujua ni vya nini; nilifikiri ni vya kufugia. Konsolata akaniambia njiani, taratibu, bila kunifanya mjinga. Kwamba serikali ilipanda misonobari mistari kwa mistari, lakini ikaacha ukanda wa msitu wa asili kando ya kijito, na humo wamebaki wanyama: nguruwe pori, nungunungu, fuko, kanga. Usiku wanatoka wanaingia kwenye misonobari wanachimba. Bwana miti anataka wauawe wote, wanang'oa miche. Mkazungushia waya vipande vidogo, mnyama asiingie, na mkaacha vipande vingine wazi, achimbe apendavyo. Misimu ikapita, mkachota udongo ndani na nje, mkalinganisha. Ndiyo maana ya Ndani na Nje. Miezi yote hiyo ninaipitia ile mifuko na fagio, sikujua nilikuwa napita katikati ya uzio.

"Vizimba viko wapi?" nikauliza, maana tulikuwa tumesimama mahali peupe.

"Hapa," akasema. "Vilikuwa hapa."

Pelagia, hakuna msitu. Eneo lile limeuzwa, siku hizi kila kitu kinauzwa na mnunuzi ni mtu binafsi mwenye misumeno ya petroli. Visiki vinatoa gundi kama machozi ya mgonjwa wa macho. Trekta limeburuza magogo pale pote, udongo wa ndani na wa nje umekuwa kitu kimoja, hata malaika hawezi kuutenganisha. Waya wenu tuliuona tuliporudi kambini. Mama Nyanzala amezungushia banda la kuku. Aliuona uso wangu akasema, "Mama, nisamehe, waya ulikuwa umelala." Konsolata akamwambia, "Usijali, angalau umekuwa wa kuzuia mnyama."

Tukakaa juu ya kisiki. Ndipo nilipoelewa kwamba kitu pekee kilichobaki cha mlima ule, kama ulivyoujua wewe, kiko chumbani Nyakato. Na ufunguo ni wangu. Nikuambie kweli, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha. Nikasema moyoni, sasa hana, na mimi ninacho.

Kisha nikamwuliza swali ambalo sikupata kukuuliza wewe, kwa sababu kila ukija ulikuwa na njaa na usingizi, na mimi na kazi. Nikamwuliza, "Mlitaka kujua nini hasa?"

Uso wake ukabadilika. Ukawaka. "Ah, dada, hapo ndipo tulipogombana." Mligombana! Akasimama kabisa juu ya kisiki, mikono inaruka. Kwamba wewe ulishikilia kuwa wanyama wanauponya ule udongo. Misonobari inaangusha majani yake makavu yanajilaza kama jamvi, maji hayapiti, chini kunabaki na njaa, hadi nguruwe aje alivuruge jamvi lile alichanganye na udongo ndipo ardhi ipate kula. Na kwamba yeye Konsolata alisema wewe unawapenda nguruwe kupita kiasi, mlima ule ni mkali, mnyama akifukua mvua inakuja inakomba, udongo mzuri unaishia ziwani. Ulimwita mtu wa Njombe anayeogopa mteremko. Yeye akakuita wakili wa nguruwe. Mkawekeana dau kwamba atakayeshindwa atasema lugha ya mwenzake kutwa nzima mbele ya profesa. Wewe ukaanza kujifunza Kibena cha kwao siku ileile, kumwonyesha kwamba hata adhabu huiogopi, ukawa unaamkia "kamwene" hata kwa mbuzi wa bwana miti. Mligombana hata hospitalini, anasema. Asubuhi ya siku ile homa iliposhuka kidogo ulifungua macho ukamwambia, "Umekosea, Konso, subiri uone," ukalala.

Kwa hiyo hilo ndilo neno lako la mwisho. Sijui kama nilitaka liwe sala. Labda. Nilitaka liwe jina langu, hiyo ndiyo kweli.

Nikamwuliza, "Na udongo wa mwisho utasema nini?"

"Sijui. Ule wa mwanzo umegawanyika, huku unampa yeye, huku unanipa mimi. Huu ndio wa kuamua."

"Ukisema wewe ndiye uliyeshinda?"

Alikaa chini. Akafuta gundi kwenye vidole vyake muda mrefu. "Dada, namwomba Mungu ashinde yeye. Lakini ukisema nimeshinda mimi, nitaandika hivyo. Na yeye angeniandika hivyohivyo."

Nilinyanyuka nikatembea peke yangu mpaka kwenye ukanda wa kijito, ulikobaki. Hasira ilinishika, Pelagia. Nikasema, tazama! Amekuosha, amekuvalisha, amekuita pacha, atapewa joho kwa jasho lako, na juu ya hayo yote anaweza kuandika kwa wino kwamba ulikosea, na wewe huna mdomo wa kumjibu. Nikaushika ufunguo shingoni. Nikasema, udongo huu nitakufa nao. Ukikaa kwangu hakuna wa kukushinda.

Chini ya mti mmoja kulikuwa pamefukuliwa, upya, majani meusi yamechanganyika na udongo, na alama za pua. Nguruwe wako wapo bado. Nikapatazama mahali pale nikijaribu kuona ulichokiona. Sikuona. Niliona shimo. Na nikafahamu kwamba nikikaa miaka mia na ile mifuko nitakuwa ninaona mifuko.

Nikakumbuka ulivyokuwa. Ulikuwa hupendi kuachiwa. Tukicheza bao, nikikuachia kwa kuwa u mtoto, ulikuwa unazimwaga kete zote chini unalia: "Cheza kweli!" Mimi nimekuwa nikikuachia tangu ufe. Kila mtu amekuachia. Kwenye msiba walisema ulikuwa mpole. Hukuwa mpole hata siku moja. Walisema hukuwahi kukosana na mtu. Mimi nikaitikia amina. Tumekuvalisha upole kama lile gauni la bluu. Katika dunia nzima amebaki mtu mmoja ambaye bado anabishana na wewe, bado anakuogopa kwamba huenda unamshinda, na mimi namwonea wivu kwa sababu hiyo kuliko kwa sababu ya sabuni. Mimi na wewe tumemaliza. Tuna amani. Yeye ana ugomvi na wewe ambao haujaisha.

Tuliporudi nilivua ufunguo nikampa. Nikamwambia, "Chukua wote. Na kile kichuguu kilicholiwa." Hakunirukia shingoni, hakusema maneno mengi. Alisema, "Asante dada," akaingia akaanza kupanga mifuko kwenye gunia, Ndani upande mmoja, Nje upande mwingine, katikati ameweka jamvi lako la sebuleni isichanganyike. Hilo jamvi hakuniomba. Nikamshikia mdomo wa gunia.

Jana shangazi wa Bujora alikuja kumwona mgeni. Amekwisha kusikia habari zote, na amekuja amevaa kitenge chako. Akamtazama Konsolata juu mpaka chini, akasema, "Huyu ndiye aliyemwosha, na huyu ndiye aliyerithi kazi. Basi apewe na jina tuishe. Tumwite Pelagia, awe mdogo wako." Kwa desturi hakukosea, mrithi hupewa jina. Wote wakanitazama. Konsolata naye akanitazama, na macho yake hayakuomba wala hayakukataa.

Nikasema hapana, shangazi. Udongo nimempa. Jina la Pelagia lina mwenyewe, na kesi yake haijaamuliwa. Hatuwezi kumpa jina lake yule anayeshindana naye. Shangazi akasema, "Wewe mtoto una wivu." Nikasema, "Ndiyo shangazi, ninao." Wote wakacheka, na hakuna aliyebisha.

Anaondoka leo jioni kwa treni. Nimemfungia chapati na samaki mkavu. Yuko uani sasa hivi anashona mdomo wa gunia kwa uzi wa katani, na kila akivuta uzi ananong'ona kitu, nadhani anakusema. Namwona kutoka hapa dirishani. Wivu bado ninao. Padre aliniambia utapita. Mimi naona tutazeeka nao, ila nitaupa kazi ya kufanya, nitamsalia yule binti kila Jumamosi, na meno yakilegea siku moja nitasali vizuri.

Mdogo wangu, Bwana akupe raha usiyochoka nayo, na mwanga wa kutosha kuona chini ya ardhi, maana ndiko ulikopenda kutazama. Ninakuahidi jambo moja. Majibu yakitoka Konsolata ataniletea, nami nitapanda mpaka kaburini kwako nikusomee kwa sauti, yakiwa mazuri au mabaya. Ukiwa umeshinda nitakupigia vigelegele mpaka shangazi asikie Bujora. Ukiwa umeshindwa nitakuambia umeshindwa. Sitakuachia.

Dada yako,
Veronika